Dakika ya Nne, Sekunde ya Kumi na Mbili

Nilikuwa nimekwisha kuvuka mto ulio chini ya Masisi, suruali inachuruzika maji, niliposikia Jules akiniita kutoka ng'ambo. Yeye hakuvuka. Malaria ilikuwa imemkamata tangu Alhamisi, naye alisimama pale ukingoni amejifunga blanketi mabegani kama mzee, mtu wa miaka thelathini na moja. Mzee wa kweli nilikuwa mimi, ng'ambo ya pili, na ordinateri yake, kompyuta ya mezani, mgongoni.

"Papa Zéphyrin, usiipandishe kwa pikipiki. Hata motari akikubeba bule."

"Umeniambia mara ngapi?"

"Pikipiki inatikisa. Disiki itakufa."

"Jules, mi nilibeba mawe ya Rubaya miaka kumi na moja. Hii yako iko mwepesi kama kuku."

"Mawe haiogope kutikisika," alisema, akakohoa. "Na usiache muntu aipunguze. Unasikia? Muntu yeyote."

Niliinua mkono, sikugeuka. Nimeondoka mahali pengi maishani na sijapata kugeuka.

Mzigo wenyewe ulikuwa sanduku la chuma, nimelifunga kwa majani ya migomba na juu yake shiti ya plastiki. Kifuani nilining'iniza skrini, na kwenye mfuko wa begani bafle mbili ndogo za kutolea sauti. Nilikuwa naupeleka Walikale kwa miguu, siku tatu, ili mwanamke mmoja aitwaye Solange apigiwe wimbo ambao yeye mwenyewe aliuimba.

Mimi nimesoma vipandevipande. Darasa la kwanza nililisoma Ngungu, la tatu Bweremana, la pili sikulisoma popote, na la tano nililianza mara mbili katika shule mbili ambazo zote zilifungwa kabla ya Noeli. Baada ya hapo nilitembea. Nimevua samaki ziwani, nimechunga ng'ombe za watu, nimebeba coltan kutoka mashimoni, nimesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, mpaka magoti yakakataa. Jules, Mnande wa Butembo, alinikuta nimekaa mbele ya duka lake la fotokopi pale Masisi nikingoja mvua ikatike. Aliniuliza kama naweza kunyamaza dakika tano. Nikasema naweza. Akanivalisha ekuteri masikioni.

Nilisikia mvua juu ya bati. Ndani ya mvua nikasikia mtu anasogeza kiti, na mbali kidogo kuku anajikung'uta mabawa. Kisha Jules akabonyeza kitu, nikasikia mvua ileile, lakini kiti hakipo na kuku hayupo. Mvua tu, kama mchele unamwagwa.

"Ya pili njo ile banaweka mu telefone," alisema. "Banaipunguza juu nyimbo nyingi ziingie. Mashini inachagua yenyewe kitu gani sikio lako halina haja nayo."

"Nani aliiambia sikio langu halina haja na kuku?"

"Njo swali langu, Papa."

Programu iliyopiga mvua ile nzima alikuwa ameiandika yeye mwenyewe, peke yake, misimu miwili ya mvua. Programu za wakubwa zilitaka intaneti, zilitaka namba yake, zilileta matangazo, na juu ya ile mashini yake kuukuu zilikuwa zinakwamakwama kama gari kwenye matope ya Ngungu. Ya kwake aliita Sikio. Ukiifungua unaona dirisha jeusi, mstari mweupe mmoja, na pembetatu ya kubonyeza. Basi. Haikukuuliza jina. Ilipokea sauti jinsi ilivyorekodiwa, nzito na nzima, na haikutupa kitu. Aliigawa kwa kila aliyekuja na ufunguo wa USB, na wengi walikubali kwa adabu tu.

Dada yake Kyakimwa, aliyeendesha fotokopi, alikuwa anamcheka. "Watu banajenga manyumba," alikuwa anasema, "kaka yangu anatafuta sauti ya nzi ndani ya misa."

Huo ulikuwa mwezi wa pili. Mwezi wa tatu ukafika ujumbe wa Solange.

Mwaka uliotangulia, mwezi wa saba, Jules alikuwa amekwenda katika kijiji kimoja mbele ya Kibua kurekodi kwaya ya wamama. Watu wa kule wanalima msituni na wanawinda na mbwa. Mbwa wao habweki. Hufungwa kengele ya mbao shingoni, na kila kengele ina sauti yake, hivi kwamba mke hujua mume wake anarudi kabla hajamwona. Kengele ya mbwa wa Sébastien, mume wa Solange, ilikuwa na ufa upande mmoja. Ilikuwa na sauti mbili: ko, halafu nyingine ya chini, iliyopasuka, kwe.

Siku ile ya kwaya Sébastien alikuwa porini. Jioni, Jules akiwa anakunja nyaya zake, wakaja watu wanakimbia kutoka mtoni, mwendo wa nusu siku. Walisema wenye silaha walipita kule alfajiri, na kwamba wao walimwona Sébastien anaanguka majini. Mwili haukupatikana. Mbwa pia hakupatikana.

Solange alikataa. Alisema saa tisa mchana, katikati ya wimbo wa tatu, aliisikia kengele yenye ufa ikipita mlimani nyuma ya kanisa. Mtu aliyekufa alfajiri hapiti mlimani saa tisa. Pengine aliona vijiji vinakimbia, akakimbilia msitu mkubwa upande wa Maniema, na atarudi. Lakini wenzake wote wa kwaya walikuwa wanaimba, hakuna mwingine aliyesikia.

Na kule kuna desturi. Mwindaji akifa, kengele ya mbwa wake hujazwa majani mpaka inyamaze, kisha huzikwa. Mke ndiye anayetia jani la kwanza. Siku hiyo hunyolewa, na shamba la mume hurudi kwa ndugu zake. Ni Wakristo, Jumapili wanasali, na padri anajua, hasemi kitu. Barthélemy, kaka mkubwa wa Sébastien, alikuwa amengoja miezi nane. Alimwambia shemeji yake: kama kengele iko ndani ya wimbo wa yule Mnande, tunangoja mwaka mwingine. Kama haiko, Jumapili baada ya Pasaka tunamaliza.

Jules alisikiliza siku mbili. Aliikuta kwenye dakika ya nne, sekunde ya kumi na mbili. Mimi nilikuwapo. Chini ya sauti za wamama kumi na wanane, mbali kama kitu kinachokumbukwa, ko, kwe. Ko, kwe. Mara nne, halafu mlima unaifunika. Kyakimwa alivaa ekuteri, akasikiliza, akazivua, na tangu siku hiyo hakusema tena habari za nzi.

Tulijaribu kuituma kwa simu. Ilifika imekamuliwa, kengele haimo. Jules angeweza kukata kile kipande cha kengele na kukikuza, lakini Barthélemy alikuwa ameonya: wimbo mzima, tangu mwanzo, la sivyo watasema ameigonga mwenyewe dukani. Ordinateri ya misheni ya kule ilikuwa imeibwa zamani. Kilichobaki kule ni pano za jua za kanisa, za kutolea umeme, basi. Kwa hiyo mashini ilipaswa kwenda, na Sikio ndani yake, na wimbo ndani ya disiki ile moja aliyokuwa nayo Jules. Na mwenye miguu nilikuwa mimi.

Nyabiondo nilipita salama. Siku ya pili, saa tano hivi, nilifika Kashebere, pale Masisi inapoishia na Walikale inaanza, nikakutana na wamama watatu waliobeba ndizi wanarudi mbio.

"Papa, na hiyo kitu unaenda wapi?" mmoja aliniuliza.

"Mbele ya Kibua."

"Rudi. Pale bariere banakamata kila kitu iko na nyaya. Banasema ni radio ya adui. Jana balipiga muntu juu ya batri ya gari, batri tu."

Nilikaa juu ya jiwe. Nilikuwa na barua ya paroko mfukoni, lakini barua haizuii fimbo. Nilikuwa na miaka sitini na minane. Na sasa niseme jambo ambalo si la kujitetea, ni la kueleza tu. Kule Rubaya, kabla ya kubeba, unaosha. Unateremsha gunia mtoni, unaosha mpaka udongo unakwenda na maji, unabaki na jiwe jeusi lenyewe. Udongo uliobaki mtoni hauvunji mgongo wa mtu. Miaka kumi na moja nilifundishwa hivyo, tena nilifundisha wengine: mwenye akili anabeba kitu chenyewe, uchafu anauacha. Mtu aliyebeba gunia bila kuosha tulimcheka mpaka mlimani juu.

Penye barabara palikuwa na kibanda chenye pano ya jua juu ya bati. Mwenyewe aliitwa Aimée, mama wa makamo, kitambaa cha manjano kichwani. Alichaji simu za watu na kuwawekea nyimbo.

"Papa, unahama na nyumba?"

"Ni wimbo, Mama."

"Wimbo wenye uzito wa mbuzi?" Wateja wake wakacheka, na mimi nikacheka, maana ilikuwa kweli.

Nilimweleza yote. Alitikisa kichwa kwa huruma, akaunganisha mashini yangu na yake kwa uzi mmoja.

"Hii nakuwekea mu telefone yako sasa hivi. Unapita bariere mikono mitupu, muzee anaenda kusali, nani atakuuliza?"

"Jules alisema nisiache muntu aipunguze."

"Jules iko hapa?"

"Haiko."

"Na bariere iko hapa ao haiko?"

Nilitazama ule uzi, nikajiambia ile iliyokamuliwa ilipita hewani, hii inapita kwenye uzi.

"Papa, ni ileile. Inavaa tu nguo ndogo."

Alibonyeza. Haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Akanipa simu, nikaiweka sikioni. Pikipiki mbili zilikuwa zinanguruma mbele ya kibanda, mtu anagombana na mtu juu ya mafuta, lakini wimbo niliusikia vizuri, sauti zote, hata ya Solange inayopanda juu ya nyingine kama moshi. Niliridhika, kama mtu anayepima gunia kwa kuliinua. Sikungoja dakika ya nne.

Mashini niliiacha kwake, chini ya meza, bado na majani yake ya migomba. Nilichukua bafle moja tu. Nikapanda mlima na mgongo mtupu, na nakiri, nilifurahi.

Bariere ilikuwa mti mmoja umelazwa juu ya mapipa mawili. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na jivu la moto, kopo la nyanya, na kuku mmoja anatembea chini ya ule mti. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ningesimama kama wangekuwapo watu. Kurudi Kashebere ni saa mbili, na saa mbili nyingine kuja tena. Nikasema moyoni, wimbo si ninao. Nikapita.

Solange alinipokea nje ya kijiji Jumapili asubuhi. Nilimtarajia mama mkubwa kwa sababu ya ile sauti. Alikuwa mwembamba, mfupi, na kanga mbili moja juu ya nyingine. Alinisalimia kwa mikono miwili, kisha akaangalia nyuma yangu.

"Mashini iko wapi, Papa?"

"Iko humu," nikasema, nikagusa simu.

Aliamini. Aliniwekea maji ya kunawa, akaniletea chikwangue ya muhogo na samaki, akakaa mbali kidogo ananitazama nikila, kama mtu anayetazama sufuria ichemke.

Baada ya misa walikaa nje ya kanisa, chini ya hema la plastiki, watu kama arobaini. Barthélemy alikuwa mbele, mtu mkubwa mwenye shingo fupi, kofia yake juu ya goti. Wanaume wakazima simu zao. Mama mmoja akamfunika mtoto wake aliyekuwa na kikohozi. Niliunganisha bafle, nikabonyeza.

Wimbo wa tatu ulianza. Baadhi ya wamama walizitambua sauti zao, wakashika midomo. Dakika ya kwanza, ya pili. Solange alikuwa amefumba macho. Dakika ya tatu. Mimi niliangalia namba kwenye simu, maana Jules alinifundisha kusoma zile namba hata kama mengine siyajui. Nne na sekunde tano. Nne na kumi. Solange akafumbua macho, akageuza uso kuelekea mlima, mlima wenyewe, si bafle.

Hapakuwa na kitu. Wamama waliimba, laini, bila mlima nyuma yao, kama waliimbia ndani ya sanduku.

"Rudisha," alisema Solange.

Nikarudisha. Nikasogeza bafle karibu naye. Nikarudisha tena mara ya tatu, na hapo tayari nilikuwa najua, nilijua kama unavyojua mguu umeteleza kabla hujaanguka. Kuku wa Jules. Kiti cha Jules. Nilikuwa nimeosha gunia, na kilichokwenda na maji ndicho nilichotumwa.

Barthélemy aliniinamia. Sauti yake ilikuwa ya chini, na sikuona furaha usoni mwake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Papa, mi pia nilitaka isikike. Ni mudogo wangu. Niambie: njo yote? Hakuna kitu ilibakia kule?"

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa machache: iko Kashebere, chini ya meza ya mwanamke mwenye kitambaa cha manjano, nipeni siku mbili. Arobaini wananitazama. Katika maisha yangu sina shamba, sina nyumba, sina mke wa kunizika wala niliyemzika. Nilikuwa na jina moja tu barabarani, kwamba Zéphyrin akibeba mzigo unafika mzima.

"Njo yote," nikasema.

Kwa kuwa mbwa hakuwapo, Barthélemy alikuwa amechonga kengele nyingine, nzuri, bila ufa. Akampa Solange majani. Alitia la kwanza kwa kidole, taratibu, kama anayemlisha mtu. Alipomaliza alinitazama, hakulia.

"Papa, mimi nilisikia," alisema. "Kwa haya masikio yangu mawili."

Nilitazama chini. Walipoanza kumnyoa nikaondoka bila kuaga.

Nilitembea kama kijana. Nilikuwa nimepanga yote: nitachukua mashini, nitarudi nayo, nitasema nilikosea, watafukua. Jumatatu mchana nikafika Kashebere. Watu walikuwa wanashuka na magodoro kichwani. Mlango wa kibanda ulikuwa umevunjwa, pano imeng'olewa na misumari yake. Chini ya meza nilikuta majani ya migomba, yamefunguliwa bila kuraruka na kukunjwa vizuri. Aliyeichukua alikuwa na wakati.

Jules nilimkuta amepona, anakunywa uji mlangoni. Aliona mgongo wangu mtupu. Nikamweleza, sikuficha kitu, hata kuku wa bariere. Aliuweka uji chini.

"Kule Kashebere," akasema, "ulisikiliza nini, Papa?"

"Wimbo."

"Nilikutuma na wimbo?"

Kyakimwa alitoka, akamshika bega, akamrudisha ndani. Huyo ndiye aliyefunga mlango.

Imepita miaka mitatu. Jules na Kyakimwa walirudi Butembo vita vilipofika Masisi. Ana ordinateri nyingine, na Sikio bado anaitengeneza. Nimeikuta hata Sake, katika duka la mtu asiyemjua Jules. Ukiifungua sasa, kabla ya pembetatu, inakuonyesha kama sauti ni nzima ao imepunguzwa, kwa maandishi makubwa ambayo hata mimi naweza kusoma. Aimée yuko kambini karibu na Goma, anachaji simu. Aliniomba msamaha, nami nikamwomba wa kwangu.

Barthélemy alichukua shamba. Solange alihamia Ndjingala, akawa anauza mafuta ya mawese, kwaya aliacha. Nilikwenda kumwambia ukweli mwaka uliofuata. Alinisikiliza amesimama, akanipa maji ya kunywa, akarudi kupimia watu mafuta.

Mbwa alirudi mwezi wa kumi na moja wa mwaka huohuo niliokwenda kwa Solange. Alitoka upande wa Maniema, amekonda, kengele yenye ufa shingoni. Barthélemy alifukua ile aliyoichonga, akatoa majani, akatuma mtu Ndjingala kumwita shemeji yake. Solange alirudi, na sasa wanalima pamoja, nusu kwa nusu. Mimi niko nao kijijini, nimekaa mahali pamoja kwa mara ya kwanza, nachunga yule mbwa wakiwa shambani. Kamba ya zamani ya kengele ilikuwa ya ngozi. Aliyorudi nayo ni nailoni ya bluu, mpya, na fundo lake limefungwa, huko alikokuwa, na mtu mwenye mikono stadi. Sébastien hajarudi.